UFUGAJI: Jinsi ya kukabiliana na uvimbe wa kiwele kwa mbuzi wa maziwa

Tofauti na ng'ombe, mbuzi wa maziwa, wakiwemo Toggenburg na Alpine wanaofugwa Meru na Nyeri, ana chuchu mbili tu. Kiwele kikiharibika upande mmoja, mfugaji hupoteza takriban nusu ya maziwa yake.

Ugonjwa huu, ujulikanao pia kama mastitisi, husababishwa hasa na bakteria wanaopenya kupitia tundu la chuchu. Kiwele huvimba, kikawa moto na kigumu. Mbuzi huchechemea mguu wa nyuma na kumfukuza mwanawe anapotaka kunyonya. Maziwa huwa mepesi kama maji, au huwa na mabonge na hata damu. Kila asubuhi, kamia matone ya kwanza juu ya kitambaa cheusi. Mabonge huonekana hapo hata kabla ya uvimbe.

Tiba huanza kwa kuukama upande mgonjwa hadi uishe, mara kadhaa kwa siku. Maziwa hayo yasimwagwe zizini wala kupewa vitoto vya mbuzi. Kisha daktari wa mifugo huagiza viuavijasumu vya kutiwa kupitia chuchu, na hapa ndipo wengi hukosea. Mirija ya dawa hizo kwa kawaida hutengenezewa ng'ombe, basi mfugaji, kwa kuona mbuzi ni mdogo, hugawa mrija mmoja kwa chuchu mbili. Ncha iliyogusa chuchu gonjwa huhamishia viini kwenye ile nzima, na kipimo huwa pungufu. Pangusa chuchu kwa spiriti kwanza, na mrija mmoja uwe wa chuchu moja. Dozi imalizwe hata uvimbe ukitulia mapema.

Vilevile, siku za kusubiri kabla ya kunywa maziwa zilizoandikwa pakitini ni za ng'ombe. Muulize daktari zile zinazofaa kwa mbuzi.

Iwapo kiwele ni baridi na kimegeuka rangi ya samawati au nyeusi, usijaribu mirija pekee. Nyama imeanza kufa, na mbuzi mwenyewe anaweza kufa upesi. Mwite daktari mara moja ili amdunge sindano.

Ili kuzuia maradhi, chovya chuchu katika dawa ya ayodini baada ya kukama, kisha mpe mbuzi lishe ili asilale kabla ya tundu kujifunga. Aliye mgonjwa akamwe wa mwisho.