Kiseyeye na Machungwa: Historia ya Kuitafuta Vitamini C

Kiseyeye humpata mtu aliyekaa miezi miwili au mitatu bila kula matunda wala mboga mbichi. Huanza na uchovu usioisha na maumivu ya miguu. Kisha ufizi huvimba na kutoka damu, meno hulegea, na madoa ya damu hujitokeza chini ya ngozi. Jeraha jipya haliponi, na hata kovu la miaka mingi huweza kufunguka tena. Asipotibiwa, mgonjwa hufa. Sababu ni kwamba mwili hauwezi kutengeneza kolajeni imara pasipo vitamini C, na kolajeni ndiyo protini inayoshikilia ngozi, ufizi, mifupa na kuta za mishipa ya damu.

Wanyama wengi hawana shida hiyo. Mbuzi, ng'ombe na mbwa hujitengenezea vitamini C kwenye ini. Binadamu alirithi jeni iliyoharibika mamilioni ya miaka iliyopita, pamoja na sokwe, nyani na tumbili. Popo wengi na simbilisi nao wana upungufu kama huo. Kwa hiyo binadamu hana budi kuipata vitamini hiyo katika chakula. Kiasi kinachohitajika ni kidogo sana: miligramu 10 kwa siku zinatosha kuzuia kiseyeye, na Shirika la Afya Duniani humpendekezea mtu mzima miligramu 45. Chungwa moja la wastani linatosha. Hata hivyo ugonjwa huu uliua mabaharia kwa maelfu katika karne tatu ambazo dawa yake ilikuwa ikijulikana, ikisahauliwa, kisha ikigunduliwa upya.

Mojawapo ya kumbukumbu za mwanzo za kiseyeye katika safari ndefu za baharini inahusu pwani ya Afrika Mashariki. Vasco da Gama aliondoka Lisbon mwezi wa Julai 1497. Alipofika kwenye mto wa Quelimane, katika Msumbiji ya leo, Januari 1498, wengi wa watu wake walikuwa wamevimba mikono na miguu, na ufizi ulikuwa umeyafunika meno yao hata wasiweze kula. Tarehe 7 Aprili merikebu zake zilitia nanga nje ya Mombasa. Mfalme wa mji aliwapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Wagonjwa wakapona. Mwandishi wa kumbukumbu za safari hiyo, ambaye wengi humdhania kuwa Álvaro Velho, alimshukuru Mungu kwa uponyaji huo na kuueleza kwa uzuri wa hewa ya Mombasa. Aliyataja matunda kama zawadi tu. Hakuyahusisha na kupona.

Wakati wa kurudi walilipa gharama kubwa zaidi. Walipokwenda India kutoka Malindi, wakiwa na rubani waliyepewa na mfalme wa huko na upepo wa kusi ukiwasukuma, walivuka bahari kwa siku 23. Kurudi, waling'oa nanga mapema Oktoba, kabla kaskazi haijashika. Wavuvi na manahodha wa pwani wangewaambia wangoje. Walitangatanga baharini karibu miezi mitatu, na watu wapatao 30 walikufa kwa kiseyeye katika kipande hicho kimoja cha safari. Walipofika Malindi Januari 1499, da Gama alituma watu nchi kavu kutafuta machungwa, kwa kuwa wagonjwa wenyewe walikuwa wakiyatamani. Baadhi walikuwa wameshadhoofika mno, wakafia hapohapo. Siku chache baadaye, kwenye mafungu karibu na Mtangata, pwani ya Tanga, waliichoma moto merikebu ya São Rafael, maana mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu tatu.

Safari hizo mbili za kuvuka bahari zinafundisha jambo ambalo wanahistoria wa tiba hulipita upesi. Jahazi lililofuata pepo za msimu lilivuka kati ya pwani na India kwa wiki chache tu, na kiseyeye huhitaji miezi kuja. Ni merikebu za Ulaya, zilizokaa baharini miezi mitatu minne kwa biskuti kavu na nyama ya chumvi, zilizougeuza ugonjwa huu kuwa janga.

Ujuzi wa tiba ulikuwepo mahali pengi. Katika majira ya baridi ya 1535 hadi 1536, msafara wa Mfaransa Jacques Cartier ulinaswa na barafu karibu na mahali ulipo mji wa Québec leo. Watu 25 kati ya 110 walikufa. Domagaya, mwana wa chifu wa wenyeji, aliwaonyesha mti wa kuchemsha majani na magome yake, na waliobaki wakapona ndani ya siku chache. Mwaka 1601, Mwingereza James Lancaster aliondoka na merikebu nne kwenda Asia, na katika merikebu yake kila baharia alipewa vijiko vitatu vya maji ya limau asubuhi kabla ya kula. Walipofika Rasi ya Tumaini Jema, watu wake walikuwa wazima kiasi cha kwenda kuwasaidia wenzao wa merikebu nyingine, walioshindwa hata kutia nanga. Daktari John Woodall aliandika mwaka 1617 kwamba limau ni dawa bora. Lakini maji ya limau yalikuwa ghali na yaliharibika njiani, na waganga waliosoma vyuoni waliamini kwamba kiseyeye kinatokana na hewa chafu, unyevu, chumvi au uvivu. Neno la baharia halikuwa na uzito mbele ya nadharia. Mwaka 1740 George Anson aliondoka Uingereza na watu wapatao 1,900 kuizunguka dunia. Zaidi ya 1,000 hawakurudi, na wengi wao waliuawa na kiseyeye.

Aliyelipeleka suala hili kwenye jaribio la wazi alikuwa James Lind, daktari Mskoti wa merikebu ya kivita iitwayo Salisbury. Tarehe 20 Mei 1747 aliwachagua wagonjwa 12 wenye dalili zinazofanana, akawalaza mahali pamoja na kuwalisha chakula cha aina moja. Kisha akawagawa wawili wawili na kila jozi akaipa dawa yake: kileo cha matofaa, matone ya asidi ya salfa iliyozimuliwa, siki, maji ya bahari, mchanganyiko wa vitunguu saumu na haradali, na jozi ya mwisho machungwa mawili na limau moja kila siku. Matunda yalikwisha baada ya siku sita. Kufikia hapo mmoja wa waliokula matunda alikuwa karibu kurudi kazini, na mwenzake alikuwa amepata nguvu za kuwauguza wengine. Waliokunywa kileo cha matofaa walipata nafuu kidogo. Wengine walibaki vilevile.

Jaribio hilo husifiwa kuwa miongoni mwa majaribio ya kwanza ya tiba yenye ulinganisho, na linastahili sifa hiyo. Lakini Lind mwenyewe hakulipa uzito unaolingana nalo. Katika kitabu chake cha 1753 linachukua kurasa chache tu ndani ya kurasa mamia, na Lind aliendelea kuamini kwamba kiini cha ugonjwa ni unyevu unaoziba vitundu vya ngozi. Baya zaidi, ili matunda yadumu safarini, alipendekeza maji yake yapashwe moto kwa saa nyingi hadi yawe mazito. Joto na hewa huiharibu vitamini C. Waliojaribu dawa hiyo nzito hawakupona walivyotarajia, na tunda lenyewe likatiliwa shaka. Nahodha James Cook naye aliwalinda watu wake kwa kuwalazimisha kula kabichi iliyochachushwa na majani mabichi kila walipofika nchi kavu, lakini aliporudi sifa nyingi zilikwenda kwa kinywaji cha kimea, ambacho hakikuwa na faida yoyote kwa kiseyeye.

Ni mwaka 1795, mwaka mmoja baada ya Lind kufa, ndipo jeshi la majini la Uingereza lilipoagiza maji ya limau yagawiwe mabaharia, kwa msukumo wa daktari Gilbert Blane. Matokeo yalionekana haraka. Hospitali ya majini ya Haslar, iliyopokea wagonjwa 1,457 wa kiseyeye mwaka 1780, ilipokea wawili tu mwaka 1806.

Hadithi ingeishia hapo kama mtu angejua ni kitu gani ndani ya limau kilichoponya. Wengi walidhani ni uchachu. Kwa hiyo katika miaka ya 1860 jeshi hilo lilipoacha malimau ya nchi za Mediterania na kuchukua ndimu za makoloni yake ya Karibiani, hakuna aliyeshtuka, kwa kuwa ndimu ni kali zaidi. Ndimu ina karibu nusu tu ya vitamini C ya limau, na maji yake yaliwekwa muda mrefu, yakapitishwa hata kwenye mabomba ya shaba, madini yanayoiharibu vitamini hiyo upesi. Meli za mvuke zilikuwa zimefupisha safari, hivyo kasoro haikuonekana hadi msafara wa George Nares ulipokwenda kwenye barafu za kaskazini mwaka 1875 na kushambuliwa vibaya na kiseyeye huku ukinywa maji ya ndimu. Badala ya kuichunguza ndimu, wataalamu wakaanza kuitilia shaka tiba nzima. Wakaja na nadharia mpya kwamba kiseyeye huletwa na sumu ya nyama ya kopo iliyoharibika, na Kapteni Robert Scott alikwenda Antaktiki mwaka 1901 akiwa na imani hiyo. Watu wake nao waliugua.

Wakati huohuo ugonjwa uliingia katika nyumba za matajiri wa Ulaya. Mwaka 1883 daktari Thomas Barlow wa London alionyesha kwamba watoto wachanga waliovimba miguu na kulia walipoguswa walikuwa na kiseyeye. Walikuwa wakilishwa maziwa ya kopo na vyakula vya unga, vitu vilivyouzwa kama maendeleo. Watoto wa maskini walionyonya maziwa ya mama zao walisalimika.

Mlango ulifunguliwa na simbilisi. Mwaka 1907, Axel Holst na Theodor Frølich wa Norwei walikuwa wakitafuta mnyama wa kumsababishia ugonjwa wa beriberi. Walimlisha simbilisi nafaka tupu, naye akapata kiseyeye. Wakamwongezea kabichi au maji ya limau, akapona. Kwa mara ya kwanza iliwezekana kupima nguvu ya chakula kimoja dhidi ya kingine bila kungoja safari ya baharini. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Harriette Chick na wenzake mjini London walitumia njia hiyo kuthibitisha udhaifu wa ndimu mbele ya limau. Waligundua pia kwamba kunde kavu hazina kinga yoyote, lakini zikiloweshwa na kuachwa zichipue, vitamini huzaliwa ndani yake.

Jina la vitamini lilitungwa na Casimir Funk mwaka 1912, na herufi C ikaongezwa na Jack Drummond mwaka 1920. Kitu chenyewe kilikuwa bado hakijashikwa. Mwaka 1928 Mhungari Albert Szent-Györgyi, akiwa Cambridge, alitoa katika tezi za ng'ombe kemikali ambayo hakuijua ni nini. Mwaka 1932 yeye na msaidizi wake, na Charles Glen King kwa upande wa Marekani, walionyesha kwamba ndiyo vitamini C. Tatizo lilikuwa uchache wake, hadi Szent-Györgyi alipoipima pilipili nyekundu inayolimwa kwa wingi kuuzunguka mji wa Szeged alikoishi. Ilikuwa imejaa vitamini hiyo, na muda si mrefu akapata zaidi ya kilo moja. Walter Norman Haworth alibaini muundo wake, Tadeusz Reichstein akaitengeneza maabara mwaka 1933, na Szent-Györgyi na Haworth walipata tuzo za Nobel mwaka 1937.

Baada ya hapo kila tunda na kila mboga iliweza kupimwa, na chungwa likavuliwa ufalme. Gramu 100 za chungwa zina miligramu kama 50 za vitamini C, na papai kama 60. Pilipili hoho nyekundu hupita 120, na pera hupita 200. Bibo, ambalo wakulima wengi wa korosho huliacha lioze chini ya mti, nalo liko karibu na pera. Isipokuwa chungwa, mimea yote hiyo asili yake ni Amerika, na ilifika Afrika Mashariki baada ya kuja kwa Wareno. Hakuna hata mmoja uliokuwa Mombasa mwaka 1498. Ubuyu ulikuwepo, na unga wake mara nyingi hulishinda chungwa mara mbili au zaidi. Ukwaju, pamoja na uchachu wake wote, una vitamini C kidogo sana.

Mchicha, kisamvu na sukuma wiki zina vitamini C nyingi zikiwa mbichi, lakini sehemu kubwa huyeyukia kwenye maji au kuharibiwa na moto. Mboga iliyooshwa kabla ya kukatwa, ikapikwa muda mfupi na kuliwa pamoja na mchuzi wake, huhifadhi vitamini nyingi zaidi kuliko iliyochemshwa muda mrefu na kumwagwa maji. Kisamvu hakina budi kupikwa sana ili sumu yake itoke, kwa hiyo tunda baada ya mlo wa kisamvu lina kazi yake.

Kiseyeye hakijatoweka. Katika miaka ya 1980 kilizuka kwenye kambi za wakimbizi za Ethiopia, Somalia na Sudan, na mwaka 2017 hadi 2018 kikaonekana katika kambi ya Kakuma, kwenye eneo kame la Turkana nchini Kenya, miongoni mwa vijana kutoka Sudan Kusini. Mgao wa kambini ulikuwa nafaka, kunde kavu na mafuta, vyakula vilivyochaguliwa kwa kuwa haviozi njiani, na vitamini C haikuwamo ndani yake. Matunda na mboga ilibidi kununuliwa, na waliougua hawakuwa na fedha za kutosha. Walipopewa vidonge vya vitamini C walipata nafuu.