Tamthilia za Kale, Filamu za Leo: Nani Mwenye Mali?

William Shakespeare alifariki dunia mwaka 1616. Sheria ya kwanza ya hakimiliki nchini Uingereza, iliyopitishwa enzi ya Malkia Anne, ilianza kutumika mwaka 1710. Tamthilia zake leo ni mali ya umma: ukitaka kuzigeuza filamu, huombi ruhusa wala hulipi ada. Yeye mwenyewe alichota kisa cha Romeo na Juliet katika shairi refu la Arthur Brooke, lililochapishwa mwaka 1562.

Hata hivyo, usishangilie mapema. Tuseme unakusudia kutengeneza filamu kutokana na Mabepari wa Venisi. Kitabu hicho ni tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyotoka mwaka 1969. Kisa ni cha Shakespeare, lakini maneno ya Kiswahili ni jasho la mfasiri, na sheria humhesabu mfasiri kuwa mtunzi wa tafsiri yake. Mwalimu alifariki tarehe 14 Oktoba 1999. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1999, sawa na ile ya Kenya ya mwaka 2001 na ya Uganda ya mwaka 2006, iliweka ulinzi wa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Hesabu mwenyewe: utafika mwaka 2049. Kabla ya hapo una njia mbili. Ama upate idhini ya wenye haki, ama urudi kwenye matini asilia ukaifasiri upya kwa kalamu yako.

Mipaka ya nchi nayo ina neno. George Bernard Shaw, mwandishi wa Pygmalion, alifariki mwaka 1950. Kwa kipimo cha miaka 50, ulinzi wa tamthilia hiyo unakoma mwishoni mwa mwaka 2000. Uingereza, ambako kipimo ni miaka 70, ulidumu hadi mwisho wa mwaka 2020. Filamu iliyo halali kwenu yaweza basi kupata mdai ng'ambo, na gharama ya mwaka mzima ikapotea.

Chunguza kwanza, ndipo ushike kamera. Siku utakapoitoa filamu yako, sheria hiyo hiyo itakulinda wewe, na jirani atakayetaka kuinakili atalazimika kukubishia hodi.