Riwaya Iliyochelewa Kurudi Pwani

Shule ya Minaki, wilayani Kisarawe, ina asili yake Unguja: ilitokana na chuo cha misioni cha Kiungani, kilichohamia bara katika mwaka wa 1925. Hapo, kama katika shule ya sekondari ya Kibaha iliyo jirani, mwanafunzi hupata masomo mengi kwa Kiingereza, na habari za wazee wake huzisikia kwa Kiswahili.

Mgawanyiko huo ndio uliotawala kazi ya Abdulrazak Gurnah. Alizaliwa Unguja mwaka wa 1948. Baada ya Mapinduzi ya 1964 alikwenda Uingereza, akafundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent. Riwaya yake Paradise, ya 1994, yaeleza habari za Yusufu, mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, akafuata msafara wa tajiri wa pwani. Maisha yalikuwa ya Waswahili. Lugha ilikuwa Kiingereza.

Tuzo ya Nobel aliipata mwaka wa 2021. Tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Peponi, ilitoka mwaka uliofuata, miaka 28 baada ya kitabu chenyewe. Tuzo ilimpa mwandishi sifa ya walimwengu. Tafsiri ilimfikisha mbele ya wenye habari yao, nao ndio wawezao kusema kama aliwaeleza kweli.