Historia ya Kiatu Chepesi cha Nchi za Joto

Hebu fikiri, msomaji, juu ya hesabu hii ndogo. Mtu aendaye kwa miguu mwendo wa kilomita 10 hupiga hatua zipatazo 14,000, yaani kila mguu huinuliwa mara 7,000. Ikiwa kila kiatu chake kimezidi uzito kwa robo kilo tu, basi jioni ya siku hiyo miguu yake miwili itakuwa imeinua kilo 3,500 za ziada, tani tatu na nusu, ijapokuwa mgongoni mwake hapaonekani mzigo wo wote. Wawindaji na wapagazi walilijua jambo hili kwa miili yao tangu zamani. Wenye viwanda ndio waliochelewa kulijua, na walipolijua walifundishwa na watu wa nchi za joto.

Mwaka 1938 mtaalamu wa mambo ya kale aitwaye Luther Cressman alichimba katika pango la Fort Rock, jimbo la Oregon kule Marekani. Chini ya majivu ya volkano alikuta makumi ya ndara zilizosukwa kwa magome ya vichaka, kila moja ina soli bapa na kifuniko kidogo cha kukinga vidole. Umri wake ulipopimwa zilionekana kuwa zimepita miaka 9,000. Watu waliozivaa waliishi kwa kuwinda na kuokota matunda na mbegu, na kazi hiyo haitaki kiatu kizito. Mwindaji humnyemelea mnyama. Yampasa ausikie ukuti mkavu chini ya wayo wake kabla haujavunjika. Soli nene humnyima habari hiyo, na mnyama huipata kabla yake.

Huku kwetu Afrika, nasaba ya kiatu tunachokizungumza yaanzia Rasi ya Tumaini Jema. Waholanzi walipojenga kituo chao huko mwaka 1652, chini ya Jan van Riebeeck, waliwakuta Wakhoikhoi, watu wafugao na wawindao, wakivaa ndara za ngozi za wanyama. Viatu vya Ulaya vilikuwa ghali na vilichakaa upesi katika nchi ile ya mawe na miiba, basi walowezi wakaichukua ngozi ya nchi na kushona kiatu kipya, wakakiita veldskoen, maana yake kiatu cha mbuga. Ufundi wake ni huu. Ngozi ya juu haikunjwi ndani chini ya wayo kama katika viatu vingine. Hukunjwa nje, ikalazwa juu ya soli, kisha vyote viwili hushonwa pamoja pembeni. Hakina msumari hata mmoja, wala bitana ya kushika jasho. Kikilowa hukauka upesi. Kikifumuka, mwenye sindano na uzi hukishona chini ya mti. Ukikutana leo na buti jepesi ambalo mshono wake waonekana wazi kuuzunguka ukingo wa soli, jua kwamba umeona ukoo wa kiatu kile.

Buti la askari wa Kizungu lilikuwa kitu kingine kabisa. Lilifanywa kwa ajili ya matope baridi ya Ulaya: ngozi nene, soli ya tabaka mbili au tatu, na misumari ya kushika ardhi. Lilipoletwa katika nchi zetu misumari ilipiga kelele juu ya mwamba, na ngozi iliyolowa jasho ilikauka usiku ikawa ngumu kama ubao. Hata hivyo lilikuwa alama ya cheo, na watu huvumilia mengi kwa ajili ya cheo.

Lakini wako ambao hawakupewa lo lote, liwe zito au jepesi. Katika Vita Kuu ya kwanza, kuanzia 1914 mpaka 1918, Waingereza walipokuwa wakimfuata Jenerali von Lettow-Vorbeck wa Kijerumani kutoka Kilimanjaro hata Msumbiji, vyakula na risasi vilichukuliwa vichwani na wapagazi. Jeshi hilo la wapagazi ndilo lililoacha jina la Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor hapa Nairobi. Wengi wao walikwenda miguu mitupu, safari ya mamia ya kilomita, wakati wa jua na wakati wa masika. Miguu yao iliingiwa na funza, wadudu ambao asili yao ni Amerika, waliofika pwani ya magharibi ya Afrika mwaka 1872 na baadaye kuenea mpaka kwetu. Funza jike hujichimbia ndani ya ngozi, mara nyingi chini ya ukucha, akavimba humo kwa mayai. Mguu huvimba na kuoza, na mtu asiyeweza kutembea katika msafara wa namna ile hakuwa na tumaini kubwa. Wapagazi waliokufa wakadiriwa kuwa makumi ya maelfu, na zaidi waliuawa na maradhi kuliko risasi. Mimi sisemi kwamba kiatu peke yake kingewaokoa, kwa maana walipungukiwa pia na chakula na dawa. Nasema tu kwamba kiatu chepesi, cha bei nafuu, kilikuwa kimekwisha julikana kusini mwa bara hili hili kwa zaidi ya miaka 200, na wenye amri hawakuuona mguu wa mpagazi kuwa kitu cha kugharimiwa.

Katika Vita Kuu ya pili mambo yaligeuka kwa njia isiyotazamiwa. Nathan Clark alikuwa kijana wa ukoo wa washona viatu wa Street, katika mkoa wa Somerset, Uingereza, ambao kampuni yao ilianzishwa mwaka 1825. Mwaka 1941 alipelekwa Burma akiwa afisa wa jeshi. Huko aliwaona maafisa waliovaa mabuti mafupi ya ngozi laini yenye soli ya mpira wa krepu, na alipouliza aliambiwa kwamba yalishonwa katika soko la Cairo. Nayo yasemekana yalifuata mfano ulioletwa Misri na askari wa Afrika Kusini, yaani ile veldskoen. Basi tazama njia iliyopita: kutoka kwa wafugaji wa Rasi, kwa mlowezi, kwa fundi wa Cairo, mpaka Burma. Clark alichora ruwaza akaipeleka kwao, lakini wakubwa wa kampuni hawakuona kwamba kitu kama hicho kitanunuliwa. Hakukata tamaa. Mwaka 1949 alikionyesha katika maonyesho ya viatu ya Chicago, mhariri wa jarida la Esquire akakipenda, na tangu 1950 kiatu hicho kikauzwa kwa jina la buti la jangwani. Kwetu Kenya kiwanda cha Bata cha Limuru nacho kikafanya buti la jamii hiyo, likajulikana kama buti la safari.

Buti hilo ni zuri katika vumbi, mchanga na majani makavu. Katika matope halifai: mpira wa krepu ni laini na hauna meno, nawe utateleza kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi. Kwa nchi ya mvua ilibidi ubuniwe ufundi mwingine, na ulibuniwa na jeshi la Marekani baada ya majaribio katika misitu ya Panama, katika miaka ya 1940. Wazo lake lilikuwa la unyenyekevu. Kwa kuwa maji ya msituni yataingia kwa vyo vyote vile, kiatu kisijitaabishe kuyazuia, bali kiyaruhusu yatoke. Sehemu ya juu ikafanywa kwa turubai, na karibu na soli yakatiwa matundu madogo ya kutolea maji. Meno ya soli yaliachwa mbali mbali ili matope yadondoke yenyewe mtu anapotembea. Katika vita vya Vietnam iliongezwa bamba la chuma ndani ya soli, ili kuzuia vijiti vya mianzi vilivyochongwa na kufichwa njiani. Na adui zao walivaa nini? Wengi walivaa ndara zilizokatwa katika magurudumu ya magari, ndugu wa akala zetu.

Usidhani kwamba somo hili ni la wanaume na vita tu. Mwaka 1955 bibi wa Kimarekani aliyeitwa Emma Gatewood, mwenye umri wa miaka 67, alitembea peke yake njia yote ya milima ya Appalachia, zaidi ya kilomita 3,000. Alivaa raba za kawaida, akazimaliza jozi kadhaa njiani, na mzigo wake ulikuwa mfuko mmoja aliouning'iniza begani. Ni katika miaka ya 1980 tu ambapo viwanda vikubwa vilianza kuwauzia watembeaji kwa wingi mabuti ya turubai na nailoni, kana kwamba wamegundua jambo jipya.

Wewe, msomaji, hutawinda katika Kenya, kwa maana uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Lakini huenda ukapanda Longonot na wenzako, au ukafuata nyayo za wanyama pamoja na askari wa hifadhi. Kwa vumbi la Longonot chukua buti jepesi lenye soli ya meno, lifikalo juu ya kifundo cha mguu, maana kifutu hulala njiani na huuma chini. Epuka lile lenye bitana ya kuzuia maji, kwa sababu lizuialo maji kuingia huzuia pia jasho kutoka. Soli ikunjike penye mzizi wa vidole, isikunjike katikati, na ukiibonyeza kwa kidole gumba iwe ngumu kiasi cha kukataa mwiba wa mgunga. Nenda dukani alasiri, wakati mguu umevimba kidogo kwa joto la mchana, ukichukua soksi zile zile utakazovaa safarini. Mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa dole gumba, la sivyo kucha zitakulipisha wakati wa kuteremka. Kisha livae nyumbani na shuleni juma zima kabla ya safari, na palipokuchubua pasugue nta mpaka ngozi ilegee.