Mwanzi wa Bahati Ulikotoka

Katika maduka ya zawadi ya Dar es Salaam na Nairobi mmea huu hukaa kwenye glasi ya maji na kokoto, mashina yake yamefungwa utepe mwekundu. Mnunuzi huambiwa ni mwanzi wa China na kwamba unaleta bahati. Lakini si mwanzi, na kwao si China. Mianzi ni jamii ya nyasi, ukoo mmoja na mahindi na miwa. Huu ni Dracaena sanderiana, na kwao ni misitu ya Afrika ya Kati, Kameruni na nchi za jirani, ambako huota kivulini chini ya miti mikubwa.

Mwaka 1893 jarida la bustani la Uingereza, Gardeners' Chronicle, liliutangaza kwa wasomaji wake. Jina ulilopewa lilimtukuza Frederick Sander, Mjerumani aliyehamia Uingereza na kujenga vitalu vikubwa St Albans, karibu na London. Sander alikuwa mfanyabiashara maarufu wa okidi. Alituma watu wake kila pembe ya nchi za joto wamtafutie mimea, kisha akaiuza kwa matajiri wa Ulaya. Mmea aliouza yeye ulikuwa na majani yenye michirizi myeupe kingoni, nao ulipandwa kwenye udongo kama maua mengine ya chungu. Suala la bahati halikuwapo.

Mwaka huohuo, huko Ujerumani, mtaalamu wa mimea Hermann Wendland alilipa jina la Saintpaulia ua dogo la zambarau kutoka Tanga, ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa kikoloni, alikuwa amelipeleka kwa baba yake. Mimea miwili ya Afrika iliingia sebuleni mwa Wazungu karibu kwa wakati mmoja, na yote miwili ikabeba majina ya watu ambao hawakuipanda wala kuitunza kwao.

Bahati ilikuja baadaye, barani Asia. Wakulima wa Taiwan na wa kusini mwa China waliuchukua ule wa majani ya kijani kitupu, wakaukata vipande, wakausimamisha majini na kuufunga pamoja kwa ghorofa kama mnara. Wakauunganisha na imani za Kichina za feng shui: mashina matatu kwa ajili ya furaha, mali na maisha marefu, na kamwe yasiwe manne, kwa kuwa nne ni namba ya mkosi.

Kinachowashangaza wengi ni lile shina lililojiviringa, na hapo sifa ni ya mkulima. Halipindwi kwa mkono. Mmea huzibwa mwanga pande zote isipokuwa mmoja, ncha ikaanza kukua kuelekea huko. Ikishainama, mkulima anaugeuza kidogo, ncha inatafuta mwanga upya. Anarudia hivyo kwa miezi mingi mpaka shina likamilishe mzunguko. Anayelalamikia bei ya shina la namna hiyo hajui kazi iliyofanyika.

Kuusafirisha mmea huu ndani ya maji kulileta pia balaa. Mwaka 2001, kwenye bandari ya Los Angeles, Marekani, makontena ya mianzi ya bahati kutoka China yalipofunguliwa, mbu walitoka humo: Aedes albopictus, mwenye madoa meupe, anayeweza kueneza dengi na chikungunya. Mashina yalikuwa yamesafirishwa yakiwa ndani ya maji, na mbu wakazaliana njiani. Mamlaka za Marekani zikapiga marufuku kuusafirisha kwenye maji yaliyotuama. Miaka michache baadaye mbu wa aina hiyohiyo walikutwa Uholanzi, katika vitalu vya waagizaji wa mmea huu.

Jambo linalostahili kusemwa kwa sauti ni kwamba ukoo huu wa Dracaena ulikuwa na heshima Afrika muda mrefu kabla ya biashara hiyo. Uchaggani, sale, ambalo ni Dracaena fragrans, hupandwa kwenye mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya familia, na penye makaburi ya wazee. Aliyemkosea mwenzake humwendea na jani la sale kuomba radhi, na ni vigumu sana kwa aliyekosewa kulikataa. Katika nyanda za juu za magharibi ya Kameruni, mmea wa ukoo huohuo, nkeng, ni ishara ya amani. Mwaka 2017 waandamanaji wa maeneo yanayozungumza Kiingereza waliubeba barabarani. Kwa wenyewe, basi, Dracaena ni mmea wa mapatano, na maana hiyo ina uzito kuliko bahati ya dukani.

Aliye nao nyumbani autunze kwa kuufuata msitu ulikotoka: mwanga wa kutosha lakini si jua kali la dirishani, na maji yanayofunika mizizi tu. Floraidi na klorini huchoma ncha za majani zikawa za kahawia. Kwa wakazi wa Arusha na vijiji vinavyouzunguka mlima Meru, ambako maji ya baadhi ya vyanzo yana floraidi nyingi kiasi cha kubadili rangi ya meno, maji ya mvua ndiyo mazuri. Maji yabadilishwe kila wiki na glasi isuguliwe ndani, maana mayai ya mbu hunata ukutani mwake. Nao wauzaji wetu waache kuuita mwanzi wa China; waandike kwenye glasi kwamba asili yake ni Afrika ya Kati.