Minara ya Zamani ya Redio (Masisi na Walikale)

Kabla simu za mkononi hazijafika katika milima ya Masisi na misitu ya Walikale, mashariki mwa Kongo, misheni, vituo vya afya na wafanyabiashara waliwasiliana kwa fonia, yaani redio ya mawimbi mafupi. Mlingoti wa enzi hiyo humshawishi mpenzi wa redio: chuma kimeshasimama, kilichobaki ni kukwea na kufunga antena. Ila katika maeneo haya mlingoti mkongwe uhesabiwe mbovu mpaka uthibitishwe mzima, na uthibitisho uanzie chini. Volkano za Nyamulagira na Nyiragongo hutoa gesi ya salfa kwa wingi, na upepo wa mashariki huipeleka upande wa Masisi, ambako mvua ya tindikali hula zinki inayokinga chuma. Walikale, unyevu wa msitu hauachi chuma kikauke. Kutu ya hatari zaidi haionekani: imo ndani ya mabomba yaliyotuamisha maji na kwenye nanga zilizofukiwa. Kwa hiyo mkaguzi hufukua nanga, hugonga mabomba kwa nyundo akisikiliza mlio, na hutazama kila boliti na kila waya wa kushikiza. Waya mmoja ukikatika mtu akiwa juu, mkanda wa usalama haumwokoi. Umemfunga kwenye kitu kinachoanguka.

Radi nayo ina sheria yake. Utafiti wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliitaja Sake, mji wa Masisi, miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi kuliko zote Afrika. Hata mlingoti mzima hupandwa mbingu ikiwa safi, redio imezimwa, mpandaji ana kamba mbili ili moja iwe imefungwa wakati wote.

Wapo wasemao kwamba mlingoti uliohimili miaka 30 hauwezi kushindwa na mtu mmoja. Lakini kusimama kwake kumethibitisha kwamba unajibeba wenyewe. Hakujathibitisha kwamba utambeba mtu anayeuvuta upande mmoja. Hoja nzito zaidi ni kwamba bila kimo mawimbi hayafiki mbali. Ni kweli kwa VHF (mawimbi mafupi sana), na huko milimani kilima chenyewe hutoa kimo. Kwa mawimbi mafupi, waya uliotandazwa mita chache juu ya ardhi, kati ya mikaratusi miwili, hurusha mawimbi karibu wima. Tabaka la juu la angahewa huyarudisha chini, yakavuka milima hadi kilomita mia kadhaa. Masisi, Walikale na Goma zote zimo ndani ya umbali huo, na hakuna aliyelazimika kukwea chuma.