Seva iko Bariadi, mwenyewe yuko Mwanza: Namna ya kudhibiti nani anaingia

Kompyuta ya zamani iliyowekwa pembeni mwa sebule mjini Bariadi inatosha kutunza hesabu za duka, picha za kamera na mafaili ya familia. Mwenyewe akisafiri kwenda Mwanza, anaingia humo kwa intaneti kama vile yuko nyumbani. Tatizo ni kwamba mlango anaopita yeye, hata mwizi anaweza kuupita.

Mlango wenyewe

Kwenye seva za Linux, njia inayotumika zaidi ni SSH. Ilitengenezwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen wa Finland, baada ya mtandao wa chuo chake kuvamiwa na paswedi za watu kunaswa. Kwa kawaida SSH hutumia poti namba 22. Poti hiyo ikiwa wazi kwenye intaneti, programu za wadukuzi huigonga usiku na mchana zikibahatisha majina na paswedi. Hazichagui tajiri wala maskini.

Mambo manne ya kufunga

Mipangilio mitatu ya kwanza iko kwenye faili la /etc/ssh/sshd_config.

1. Ufunguo badala ya paswedi. Ufunguo ni jozi ya mafaili: la siri linabaki kwenye simu au laptop, la pili linawekwa kwenye seva. Ukishafanya kazi, ndipo inaandikwa PasswordAuthentication no na KbdInteractiveAuthentication no.

2. Orodha ya majina. AllowUsers hufuatiwa na majina ya wanaoruhusiwa. Asiyetajwa haingii, hata awe na paswedi sahihi.

3. Kumzuia root. Jina hili la mkuu wa mfumo kila mdukuzi analijua. PermitRootLogin no inamfungia nje.

4. Fail2ban. Programu hii humzuia kwa muda anayekosea mara nyingi.

Asijifungie nje mwenyewe

Hapa ndipo wengi huumia. Kosa moja la herufi, na mwenye seva aliyeko Mwanza analazimika kupanda basi kupitia Lamadi kwenda kurekebisha. Kabla ya kuwasha upya huduma, amri ya sudo sshd -t hukagua kama faili lina makosa ya uandishi. Kisha dirisha la kwanza liachwe wazi, na kuingia kujaribiwe kwenye dirisha la pili. Likikubali, ndipo la kwanza lifungwe.

Kuruhusu anwani moja tu ya IP nako kuna mtego: anwani ya simu inayotumia bando hubadilika mara kwa mara. Anayetaka usalama zaidi hutumia VPN kama WireGuard, na poti 22 haionekani kabisa kutoka nje.

Sheria inasemaje

Kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Lakini sheria huja baada ya mwizi kupita. Kufuli linatakiwa liwepo kabla.